Elimu ya Kiasi: Historia ya Homoni ya Uzazi

Waswahili huiita kazi ya mwanamke anayezaa uchungu, na baadhi ya watu wa pwani huiita utungu. Tendo lenyewe huitwa kujifungua, na katika neno hilo mna maarifa ya kale: kilichofungwa kwa miezi tisa hufunguka kwa nguvu ya yule yule aliyekichukua. Mkunga husubiri, husaidia na hupokea, lakini mfunguaji ni mama mwenyewe. Kwa vizazi vingi hakuna aliyeweza kueleza nguvu hiyo hutoka wapi, wala kwa nini kwa mama mmoja huja kwa utaratibu kama mawimbi ya bahari, na kwa mwingine huchelewa hata yeye na mtoto wakawa katika hatari. Jawabu lilianza kuonekana katika karne ya ishirini, ilipojulikana homoni iitwayo oksitosini. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya uzazi wa haraka. Waliolitoa walitazamia haraka. Walakini mambo yaliyotokea baadaye, kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, yalikuwa mafunzo marefu juu ya kiasi, na ada ya mafunzo hayo ililipwa na akina mama na watoto.

Kabla ya homoni hiyo kujulikana, wakunga wa Ulaya walikuwa na dawa yao. Katika masuke ya nafaka iitwayo rai huota kuvu ambayo hugeuza punje kuwa pembe ndogo nyeusi, na pembe hizo huitwa ergoti. Mkate wa nafaka yenye ergoti nyingi uliwahi kuua watu wengi na kuwakausha wengine viungo vyao. Hata hivyo wakunga walijua kwamba punje chache zikinywewa hukaza mji wa mimba, na kitabu cha mitishamba cha Adam Lonicer wa Ujerumani, cha mwaka 1582, kinaitaja kazi hiyo. Mwaka 1808 tabibu John Stearns wa jimbo la New York, Marekani, aliwaandikia matabibu wenzake habari za unga wa ergoti, ambao yeye mwenyewe alijulishwa na mwanamke mmoja mhamiaji. Aliusifu kwa kuwa ulifupisha uchungu uliochelewa na kumpunguzia tabibu saa za kungoja. Sifa zilienea, na dawa ikatumiwa pasipo uangalifu. Miaka 16 baadaye, mwaka 1824, David Hosack wa mji wa New York alionya kwamba watoto wengi walikuwa wakizaliwa wafu kwa sababu yake. Alisema kwamba unga ulioitwa wa kuzalisha ulistahili, kwa upande wa mtoto, kuitwa unga wa kufisha. Akashauri utumiwe kwa kuzuia damu tu, mtoto akiisha kutoka.

Ubaya wa ergoti ulikuwa katika namna ya kukaza kwake. Uchungu wa kawaida hukaza na kulegea, ukakaza tena na kulegea tena. Msuli unapokaza, mishipa ya damu iendayo kwenye kondo hubanwa; unapolegea, damu hupita na mtoto hupata hewa. Kwa hiyo kipindi cha kulegea kina kazi kubwa sawa na kipindi cha kukaza. Ergoti ilikaza bila kuachia, na mtoto aliyekuwa bado ndani alikosa pumzi. Onyo la Hosack lilikuwa somo la kwanza la kiasi. Lilisikiwa na wengi, lakini lilisahauliwa mara dawa nyingine ilipopatikana.

Dawa hiyo nyingine ilipatikana katika njia ya kuitafuta siri ya ile ya kwanza. Mwaka 1904 Henry Dale, Mwingereza aliyekuwa bado kijana, aliingia katika maabara ya Wellcome ya London, akapewa kazi ya kuichunguza ergoti. Katika uchunguzi huo alijaribu pia maji yaliyotolewa katika tezi ya pituitari. Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya harage, nayo imening'inia chini ya ubongo. Tangu mwaka 1895 Oliver na Schäfer walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba maji yake hupandisha shinikizo la damu. Dale aliona jambo ambalo hao hawakuliona: maji yale yalikaza mji wa mimba wa paka. Aliliandika mwaka 1906 kwa maneno machache, ndani ya makala ndefu iliyohusu ergoti, na huenda msomaji mwenye haraka angalilipita. Baadaye Dale alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936 kwa kazi nyingine kabisa. Lakini maneno yale machache yamewafikia akina mama wengi kuliko wasomaji wote wa vitabu vyake.

Mwaka 1909 William Blair-Bell wa Liverpool alitangaza kwamba amewatia wanawake maji ya tezi hiyo, na mji wa mimba uliolegea ukakaza. Mwaka uliofuata Ott na Scott waliona kwamba maji hayo hayo humtoa mbuzi maziwa. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba kitu kimoja hufanya kazi mbili: humtoa mtoto, kisha humlisha. Muda haukupita mrefu dawa ya tezi ikawa imeenea katika hospitali za Ulaya na Marekani, ikitumiwa kuanzisha uchungu, kuuharakisha, na kuzuia damu baada ya uzazi.

Hapo kosa la ergoti lilirudiwa kwa sura mpya. Dawa ilitiwa kwa sindano, chini ya ngozi au katika msuli, yote kwa mara moja. Mama alipata kwa dakika chache kiasi ambacho mwili wake ungaligawa kwa saa nyingi. Aidha nguvu ya dawa haikuwa moja: chupa hii ilikuwa dhaifu, na ile kali. Mwanamke mmoja hakuona badiliko lolote. Mwingine mji wake wa mimba ulikaza bila kuachia, hata mtoto akafa, au mji wenyewe ukapasuka na mama akafa pia. Tabibu akiisha kuitia sindano hakuwa na njia ya kuirudisha. Alibaki kusimama kitandani akitazama, kama mtu aliyefungua mlango wa birika asiweze tena kuufunga.

Tiba ya ubaya huo ilianza katika kupima. Dale na mwenzake Laidlaw walionyesha mwaka 1912 kwamba nguvu ya dawa yaweza kupimwa kwa kipande cha mji wa mimba wa simbilisi kilichotundikwa katika maji vuguvugu: dawa ikitiwa, kipande hujikunja, na mkunjo wake hulinganishwa na mkunjo wa dawa ya kawaida. Mwaka 1925 kipimo cha mataifa yote kiliwekwa, na nusu miligramu ya unga mkavu wa tezi ikahesabiwa kuwa uniti moja. Mwaka 1928 Oliver Kamm na wenzake katika kiwanda cha dawa cha Parke-Davis, mjini Detroit, walitenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika ndani ya maji ya tezi: moja likaza mji wa mimba, na la pili lapandisha shinikizo la damu. Tangu hapo mama mzazi aliweza kupewa la kwanza pasipo kulazimishwa kulipokea la pili.

Hata hivyo, kuijua nguvu ya dawa ni jambo moja, na kujua namna ya kuitoa ni jambo jingine. Geoffrey Theobald wa Bradford, Uingereza, aliandika pamoja na wenzake mwaka 1948 juu ya njia ambayo leo yaonekana nyepesi. Dawa kidogo sana ilichanganywa katika maji mengi, na maji hayo yakapitishwa katika mshipa tone kwa tone. Shabaha yake ilikuwa kuuiga mwili wenyewe katika vipimo vyake. Kwa kuwa oksitosini haikai katika damu ila dakika chache, mtu aliyeona uchungu umezidi aliweza kufunga mpira, na nguvu ya dawa ikapungua upesi. Tabibu alipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kusita. Thamani ya uwezo huo ni kubwa, kwa maana makosa mengi ya nusu karne iliyotangulia yalitoka katika mkono uliojua kutoa tu.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kitu chenyewe ni nini? Vincent du Vigneaud, aliyezaliwa Chicago mwaka 1901, alilishughulikia kwa miaka mingi, hasa katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini New York. Mwaka 1953 aliweza kutaja muundo wa oksitosini, na mwaka huo huo akaiunda kwa mikono ya wanadamu. Ilionekana kuwa mnyororo wa asidi za amino tisa tu: sita zimefungwa kama pete kwa kiungo cha salfa, na tatu zimening'inia kama mkia. Homoni ya namna hiyo haikuwa imepata kuundwa kabla ya hapo. Ile iliyoundwa ililinganishwa na ile ya asili, na kwa mama anyonyeshaye kiasi kidogo mno cha yoyote kati ya hizo mbili kilitosha kutoa maziwa. Du Vigneaud alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Kwa akina mama faida ilikuwa dhahiri: dawa haikuhitaji tena tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, na kila chupa ilikuwa sawa na nyingine.

Wakati wanakemia walipokuwa wakiitafuta sura ya homoni, wengine walitafuta desturi zake ndani ya mwili. Mwaka 1941 James Ferguson wa Toronto, Kanada, aliona kwa sungura kwamba mji wa mimba na mlango wake vikitanuliwa, habari hupelekwa hadi kwenye tezi, na tezi hutoa homoni. Mtoto akisukuma, mlango hutanuka. Ukitanuka, homoni huongezeka. Ikiongezeka, mtoto husukumwa zaidi. Mzunguko huo huendelea mpaka mtoto atoke, na akiisha kutoka hukatika wenyewe. Mwaka 1949 Wolfgang Bargmann wa Ujerumani, akiendeleza mawazo ya Ernst na Berta Scharrer, alieleza kwamba tezi ya pituitari haiitengenezi homoni hiyo. Hutengenezwa juu yake, katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, nayo huteremka kwa nyuzi za neva hadi kwenye tezi. Tezi ni ghala, na shamba ni ubongo.

Ikabaki fumbo la wakati. Mwanamke ana oksitosini siku zote. Mbona haimzalishi mwezi wa tano? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 na Anna-Riitta Fuchs na wenzake uliangaza jambo hilo. Homoni haina nguvu mahali isipopokelewa, nao msuli wa mji wa mimba huipokea kwa vipokezi maalumu. Mimba ikiwa changa, vipokezi ni vichache, na homoni ya projesteroni huutuliza msuli. Mimba inapokomaa, vipokezi huongezeka mara nyingi, hata kiasi kile kile cha homoni ambacho jana hakikutikisa kitu, leo huleta uchungu. Zaidi ya hayo, oksitosini huziamsha prostaglandini, ambazo huusaidia mji wa mimba kukaza na mlango wake kulainika. Mwili pia hautoi homoni kama maji ya bomba. Huitoa kwa vipindi vifupi, na vipindi hivyo huongezeka uchungu unapoendelea. Na damu ya mama mjamzito ina kimeng'enya cha kuivunja upesi. Hivyo kila mahali palipo na nguvu hiyo pamewekwa pia kizuizi chake.

Mwaka 1996 majaribio ya panya yaliwashangaza wengi. Panya walifanywa wasiwe kabisa na oksitosini, na ilidhaniwa kwamba hawataweza kuzaa. Walizaa kama kawaida. Lakini maziwa hayakutoka, na vitoto vyao vikafa njaa mpaka akina mama walipotiwa homoni. Panya si binadamu, na uzazi wa mwanamke una njia zake. Hata hivyo jaribio hilo liliwakumbusha wataalamu kwamba jambo kubwa kama uzazi halikuwekwa juu ya nguzo moja. Homoni iliyopewa jina la uzazi wa haraka ilionekana kuwa mmoja tu kati ya wafanyakazi wengi, na katika kazi ya kunyonyesha ndipo ilipokosa badala yake.

Historia hii ina mlango mmoja pia katika Afrika. Katika miaka ya 1960 tabibu Lorents Gran wa Norway, akifanya kazi ya msaada huko Congo, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu uende upesi. Aliuchukua mmea huo, ambao wataalamu wa mimea huuita Oldenlandia affinis, akaonyesha kwamba dawa yake ni mnyororo wa asidi za amino, uwezao kukaza mji wa mimba hata baada ya kuchemshwa. Muundo wake ulipojulikana kwa ukamilifu mwaka 1995 ulionekana kuwa ni duara lisilo mwanzo wala mwisho, lililokazwa kwa viungo vitatu vya salfa. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba kimoja cha vitu vya jamii hiyo katika mmea ule hushika kipokezi kile kile cha oksitosini. Wanawake waliouchemsha mmea huo walikuwa wamekwisha kuufikia mlango ambao maabara ziliufikia kwa njia nyingine. Hawakuwa na mizani ya kupimia, kama wakunga wa rai walivyokuwa hawana. Na hilo halipunguzi heshima ya walichokijua. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Dawa ilipokuwa safi na yenye kipimo, mjadala ulihamia kwenye saa. Mwaka 1969 Kieran O'Driscoll wa hospitali ya wazazi ya taifa mjini Dublin, Ireland, alieleza utaratibu wa kuusimamia uchungu wa mama mwenye mimba ya kwanza usizidi saa 24, na baadaye saa 12. Uchungu ukichelewa, dripu ya oksitosini ilifunguliwa. Na kila mama alikuwa na mkunga wake asiyemwacha. Waliouchukua utaratibu huo kwingine mara nyingi walichukua dripu, wakamwacha mkunga. Hapo ndipo lawama nyingi zilipoanza, kwa maana chombo cha kutonesha dawa hakiwezi kumtazama mama usoni.

Mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, Philpott na Castle walifuata njia nyingine. Tatizo lao lilikuwa la nchi yenye hospitali chache na zahanati nyingi za mbali: mkunga aliye peke yake atajuaje kwamba saa ya kumpeleka mama hospitali imefika? Mwaka 1972 walichapisha chati yenye mistari miwili. Mkunga hutia alama ya kufunguka kwa mlango wa uzazi kadiri saa zinavyopita. Alama zikivuka mstari wa kwanza, ni tahadhari. Zikifika mstari wa pili, uliowekwa saa nne mbele, ni lazima kutenda. Shirika la Afya Duniani liliijaribu chati ya namna hiyo katika Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Uchungu wa muda mrefu ulipungua, na matumizi ya oksitosini ya kuongeza uchungu yalishuka kutoka wanawake 20.7 kwa kila mia hadi 9.1. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Karatasi na kalamu, vikiwa mkononi mwa mtu anayeangalia, viliifanya zaidi ya nusu ya dawa ile isihitajike.

Iko saa moja, hata hivyo, ambayo oksitosini haina budi kuja upesi, nayo ni saa ya baada ya mtoto kutoka. Mwishoni mwa mimba damu zaidi ya nusu lita hupita katika mji wa mimba kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni msuli wa mji wa mimba unaojikaza kuizunguka. Msuli ukilegea, mama aweza kufa kabla ya jua kusogea mbali. Makumi ya maelfu ya wanawake wamekuwa wakifa kila mwaka kwa njia hii, wengi wao katika Afrika na Asia. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limeagiza kila mama apewe uniti 10 za oksitosini mara anapozaa. Sindano ile ile iliyoua ikitangulia mtoto, huokoa ikimfuata. Na shirika hilo hilo limekataza isitiwe katika msuli kwa kuongeza uchungu kabla ya mtoto kutoka.

Hapo pia kiasi kina madai yake. Oksitosini hutakiwa kutunzwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na katika joto hupoteza nguvu pasipo kubadilika rangi wala harufu. Mkunga wa zahanati isiyo na umeme aweza kutia sindano kwa mkono usio na kosa, na ndani ya sindano mna maji tu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lililofanywa katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa wanawake karibu 30,000, lilionyesha kwamba dawa ya jamii yake iitwayo kabetosini, iliyotengenezwa istahimili joto, si dhaifu kuliko oksitosini katika kuzuia kutoka kwa damu. Na mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, miongoni mwa wanawake zaidi ya 210,000. Chini ya mama liliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko ulioandikwa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Na ilipozidi, dawa na matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kungoja. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa sehemu 60 katika mia. Kwa macho, karibu nusu ya akina mama waliokuwa wakitokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa mfuko wenye vipimo, walitambuliwa 93 katika kila mia.

Kutoka unga wa Stearns hadi mfuko huo ni zaidi ya miaka mia mbili. Katika muda huo nguvu ya dawa haikupata kuwa haba. Kilichokuwa haba ni kipimo chake, na mtu wa kukaa karibu na kuangalia. Kipande cha simbilisi, uniti, matone ya Theobald, mistari ya Salisbury na shuka lenye namba ni hatua za njia moja. Mwili wa mama ulikuwa na elimu hiyo tangu awali, kwa kutoa kidogo, kuacha, na kutoa tena. Wenye kuusaidia walijifunza polepole, na mahali penye kitanda kisicho na mkunga, au sanduku la dawa lisilo na barafu, somo hilo bado halijamfikia mama ambaye usiku huu anajifungua.